Maji Ndani ya Motokaa ya Zamani: Yaingia Wapi, na Tuyazuieje?

Mvua ya masika ianzapo, mkulima hufurahi, maana mahindi yake hupata uhai na ng'ombe wake hupata majani. Lakini mkulima mwenye motokaa ya zamani furaha yake huwa nusu. Usiku asikiapo matone yakipiga bati, hushukuru kwa ajili ya shamba, na papo hapo huingiwa na wasiwasi kwa ajili ya motokaa; kwa kuwa ajua ya kwamba asubuhi atakapofungua mlango atakutana na harufu ya zulia lililovunda, na atakapokanyaga ndani, kiatu chake kitaingia majini.

Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji jinsi ya kutafuta mahali maji yaingiapo na jinsi ya kuyazuia. Siandiki kama fundi. Nilikuwa karani kwa miaka mingi, na sasa ni mkulima huku Limuru, ambako ukungu na mvua si wageni. Naandika kwa sababu nilikosea, na kosa langu nusura lituharibie motokaa ya marehemu baba yangu. Naomba mwenzangu asome, ajifunze kwa hasara yangu, asije akajifunza kwa hasara yake mwenyewe.

MOTOKAA YA BABA

Motokaa yenyewe ni Volkswagen ya mwaka 1967, ile ya mgongo wa mviringo kama wa kobe, yenye injini nyuma. Wazee wa nchi hii waijua sana, maana ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, tena mwaka 1957, tena mwaka 1962. Kiwanda cha mwisho kilichoziunda kilikuwa Mexico, nacho kilikoma mwaka 2003, baada ya motokaa za namna hiyo zaidi ya milioni 21 kuundwa duniani. Kwa kuwa ni nyingi hivyo, mipira ya vioo na ya milango yake ingali ikitengenezwa hata leo, na hiyo ni bahati kubwa kwa mwenye kuitunza.

Baba aliinunua mwaka 1974 kwa mtu mwingine, kwa fedha za pareto. Alipofariki mwaka 2011 niliirithi mimi, na kazi yake kubwa tangu siku hiyo imekuwa kumpeleka mama kanisani kila Jumapili. Mwisho wa mwaka 2017 niliipeleka gereji moja ikapakwa rangi mpya, nayo ikang'aa hata majirani wakaja kuitazama. Kisha ikaja masika ya mwaka 2018. Wasomaji watakumbuka mvua ya mwaka huo jinsi ilivyokuwa kubwa, mito ikafurika na barabara zikakatika.

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili mama aliketi mahali pake pa kila siku, kiti cha mbele upande wa kushoto. Tulipofika kanisani akaniambia, "Mwanangu, tazama viatu vyangu." Vilikuwa vimelowa hadi soksi. Kisha akasema, "Ndugu yako wa mwisho aliletwa kutoka hospitali ndani ya motokaa hii alipozaliwa, na mvua ilikuwa ikinyesha kama hii, naye akafika nyumbani mkavu. Baba yako asingaliyavumilia maji haya. Mimi sitaingia tena humu mpaka pakauke."

MAKOSA YANGU MATATU

Kosa la kwanza: nilibahatisha. Niliona unyevu mbele, nikasema moja kwa moja kwamba kioo cha mbele ndicho kivujacho. Nikanunua silikoni dukani, ile inukayo kama siki, nikaipaka kandokando ya kioo chote. Mvua iliyofuata, maji yakaingia vilevile.

Kosa la pili: nilimwamini mtu bila kumwuliza sababu. Nilipeleka motokaa gereji, fundi akatazama chini ya milango akaona vitundu vidogo. Akasema maji yarukayo barabarani hupita hapo, akaviziba vyote kwa puti. Nikalipa, nikaondoka nikifurahi. Baada ya wiki mbili, kila nilipofungua mlango nilisikia sauti ndani yake kama kibuyu cha maziwa kinachotikiswa.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote: nilificha. Nilitandika zulia jipya juu ya lile bichi ili mama asione. Lakini waliosema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua hawakusema juu ya wanadamu tu. Chini ya mazulia yale mawili bati lilikuwa likiliwa na kutu usiku na mchana.

MASWALI KABLA YA BISIBISI

Mwezi wa Juni jirani alinipeleka kwa mzee mmoja aliyeanza ufundi katika miaka ya 1960. Siku hizi hana gereji. Hukaa nyumbani kwake akitengeneza motokaa za watu wanaomjua. Nilidhani atachukua vyombo mara moja. Badala yake alichukua kiti, akaketi, akaanza kuniuliza maswali, nami naona maswali hayo yafaa kuandikwa kwa utaratibu.

Aliuliza kwanza, "Maji huingia motokaa ikiwa imesimama, au ikiwa inakwenda?" Kama huingia ikiwa imesimama mvuani, basi yatoka juu: vioo, milango, paa, au matundu ya waipa. Kama huingia pale tu unapopita katika madimbwi, basi yatoka chini: magurudumu huyarusha nayo hupenya katika sakafu iliyotoboka au mahali pa kuungia mabati.

Akauliza tena, "Je, hulowa hata siku ya jua?" Swali hili ni kubwa kwa motokaa zenye rejeta. Ndani ya motokaa nyingi liko hita lipitishalo maji ya moto ya injini, na likitoboka humwaga maji hayo miguuni mwa abiria hata wakati wa kiangazi. Maji hayo huwa na rangi, huteleza vidoleni, vioo hupata ukungu wa mafuta, na maji ya rejeta hupungua. Mtu asiyaonje kamwe ili kuyapima, kwa kuwa dawa itiwayo katika rejeta ni sumu, na mbwa huweza kufa kwa kuiramba. Lakini Volkswagen yangu hupozwa kwa hewa. Haina rejeta, na hita yake ni hewa ya moto tu. Kwa hiyo, isipokuwa kile kichupa cha maji ya kuoshea kioo, maji yote yaliyokuwa ndani yalitoka mbinguni au barabarani. Neno hilo moja lilitupunguzia nusu ya kazi.

Akauliza, "Nyumbani huiegesha ikitazama wapi?" Nikamwambia uwanja wangu una mteremko, nami huiegesha pua ikiwa chini. Akacheka. "Basi maji yaweza kuingia nyuma, yakatembea hadi mbele ukayaona huko. Maji hayakai yalipoingia, mwanangu. Hukaa palipo chini."

Swali la mwisho ndilo lililofungua mlango. "Kabla ya kuanza kuvuja, motokaa hii ilifanyiwa nini?" Nikajibu kwamba ilipakwa rangi. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata jibu, lakini hakuniambia lolote. Alisema lazima maji yenyewe yashuhudie.

JINSI YA KUYATAFUTA

Kazi ilianza kwa kuondoa. Tulitoa betri kwanza, kisha viti, mazulia, na ile felti nzito iliyo chini ya zulia. Angalia sana hiyo felti. Juu yake zulia laweza kukauka kwa siku moja, nawe ukadhani hatari imepita, kumbe felti imeshika maji kama sifongo na kuyabana juu ya bati kwa majuma mengi. Vyote tulivitandaza juani siku tatu, na ndani ya motokaa tukapakausha kwa vitambaa.

Pili, tulitafuta alama za zamani. Maji ya mvua huchukua vumbi, na vumbi letu jekundu la barabarani ni shahidi mwema: penye mchirizi mwekundu ndani, maji yamepita. Mchirizi wa kutu chini ya kioo, rangi iliyotutumka kwenye ukingo wa chini wa mlango, na rangi ya kijani kwenye vishikio vya fyuzi, zote ni alama za kuandikwa.

Tatu, tulipaka poda nyeupe ndani, chini ya vioo vyote na kandokando ya milango. Poda ya mtoto yafaa, hata chaki iliyosagwa. Sakafuni tukatandaza kurasa za magazeti, kila moja ikiwa na namba. Tone likianguka juu ya gazeti huacha doa linaloonekana mara moja, na poda huonyesha njia ambayo tone lilipita.

Nne, tulimwaga maji. Mzee aliketi ndani na kurunzi, nami nikashika bomba la mpira la bustani nje. Alinionya mambo mawili. La kwanza, maji yatoke polepole kama ya mvua. Maji ya nguvu, kama yale ya kuoshea malori, hupenya hata kwenye mpira mzima, nayo yatakupeleka kutafuta tundu lisilokuwapo. La pili, nianzie chini nikipanda juu. Ukianza na paa, maji hushuka yakalowesha kila kitu, nawe hutajua ni wapi yalipoingia. Ukianza chini ya mlango, ukangoja dakika 10, kisha ukapanda mpaka ukingo wa dirisha, ukangoja tena, kila mahali patajibu kwa zamu yake.

Zaidi ya hayo yako majaribio mawili yasiyotaka maji. Usiku wa giza weka taa yenye nguvu ndani ya motokaa, funga milango, kisha zunguka nje ukitazama. Uonapo uzi wa mwanga, mpira haugusi bati. Au chukua ukanda wa karatasi, ubane kwa mlango, kisha uvute. Ukishikwa barabara, mpira ni mzima. Ukiteleza bila kushikwa, mpira umechoka au mlango haukai sawa.

MILANGO MITATU YA MAJI

Tulifanya kazi hiyo asubuhi nzima, na katika yote tuliyoyaona, kioo cha mbele nilichokipaka silikoni kwa bidii hakikuvuja hata tone moja.

Maji yalipofika kwenye dirisha la mlango wa kushoto, mzee aliniita. Gazeti namba 2 lilikuwa limelowa. Alifungua skrubu, akatoa ule ubao mwembamba uliovikwa ngozi ya bandia upande wa ndani wa mlango, akanionyesha. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kila mwenye motokaa yapasa alijue: mlango wa motokaa haukuundwa uzuie maji yote yasiingie ndani yake. Kioo cha dirisha hushuka na kupanda, na mpira unaokikwangua hauwezi kuzuia kila tone. Maji huingia katika tumbo la mlango, hushuka, kisha hutoka kwa vile vitundu vya chini. Ili yasirukie ndani kwa abiria, kiwanda huweka karatasi nzito isiyopitisha maji nyuma ya ule ubao. Katika mlango wetu karatasi hiyo haikuwapo. Wapaka rangi walipotoa ubao waliitupa wakidhani ni takataka, nao walirudisha ubao mtupu.

Huo ulikuwa mlango wa kwanza wa maji. Wa pili tuliufunga sisi wenyewe, na kwa kuufunga tukaufungua vibaya zaidi: vile vitundu vilivyotiwa puti. Maji yaliyokosa njia ya kutoka yalijaa tumboni mwa mlango, nao ulipofungwa kwa nguvu yaliruka ndani. Mzee aliitoboa puti kwa bisibisi nyembamba, yakatoka maji meusi kama ya mtaro, hata tukaweka karai. Bati la chini lilikuwa limeanza kuliwa. Fundi yule wa gereji hakuwa mwizi; aliziba tundu kwa kuwa ni tundu. Lakini katika motokaa yako matundu ya adui na yako matundu ya rafiki, na heri ujue lipi ni lipi kabla hujaziba.

Mlango wa tatu ulikuwa nyuma. Kona moja ya chini ya kioo cha nyuma, mpira ulikuwa umekauka na kunywea kwa jua la miaka mingi. Maji yalipita hapo, yakashuka nyuma ya kiti cha nyuma mpaka chini yake. Katika Volkswagen za namna hii betri hukaa chini ya kiti hicho, upande wa kulia. Mzee alibonyeza bati chini ya mahali pa betri kwa kidole gumba, kidole kikatokea upande wa pili. Maji na asidi ya betri vilikuwa vimeila sakafu mpaka ikawa kama biskuti.

Sikusema neno. Mzee ndiye aliyesema: "Betri ingezama hapa ikainama, na springi za kiti hiki ni za chuma. Springi ikigusa vichwa vyote viwili vya betri, cheche hutoka, na kujazia kwa kiti ni nyuzi kavu. Nimeona mbili zikiungua hivyo." Nikamkumbuka mama, ambaye kwa miaka 7 nilikuwa nikimketisha humo kila Jumapili.

JINSI TULIVYOZIBA

Mlangoni tulikata nailoni nzito kwa kipimo cha ubao, tukaigandisha pande tatu kwa gundi nyeusi isiyokauka, ile itumiwayo kwa vioo. Ukingo wa chini tuliuingiza ndani ya mlango, ili tone lishukalo lidondokee tumboni mwa mlango na kutoka kwa vitundu. Ukiuacha ukingo huo ukining'inia nje, kazi yako yote ni bure. Vitundu tulivisafisha kwa waya laini, tukasugua kutu, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, na tukabadili mpira ukwanguao kioo.

Kioo cha nyuma tulikitoa kwa kukisukuma kutoka ndani, polepole, tukiwa na glavu, mwenzangu akikipokea nje. Chini ya mpira wa zamani bati lilikuwa na kutu. Tukalisugua mpaka likang'aa, tukalipaka rangi na kuliacha likauke kabisa. Usiweke mpira mpya juu ya kutu, maana kutu hututumka ikainua mpira, na mwaka ujao utaanza tena. Kisha tukauvisha mpira mpya kwenye kioo, tukalaza kamba nyembamba ndani ya mfereji wake, ncha mbili zikipishana chini katikati, tukapaka maji ya sabuni. Tukaweka kioo mahali pake kutoka nje. Mmoja akikibonyeza kwa viganja, mwingine ndani akaivuta kamba kidogo kidogo, nayo ikaugeuza mdomo wa mpira ukaruka juu ya ukingo wa bati pande zote. Kazi hii yataka watu wawili na subira.

Sakafu chini ya betri ilikatwa, ikachomelewa bati jipya. Kabla ya kuchomelea hakikisha kwamba betri, viti na mazulia viko mbali, kwamba bomba la petroli halipiti karibu na moto, na kwamba ndoo ya mchanga iko mkononi. Baada ya hapo tulipaka rangi juu na chini, na betri ikafunikwa kifuniko kisichopitisha umeme.

Mzee alichunguza pia mihimili miwili iliyo chini ya milango, kulia na kushoto. Katika Volkswagen hii mihimili hiyo ina tundu ndani. Hupitisha hewa ya moto ya hita, na ndiyo ibebayo nguvu ya motokaa, kwa kuwa mwili hufungwa kwa bolti hapo juu ya sakafu. Ikiliwa na kutu, motokaa huinama katikati hata milango isifunge. Kwa bahati yetu ilikuwa mizima.

Ile silikoni yangu ilitutesa kuliko kutu. Ile inukayo siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati lisilo na rangi. Tena rangi haishiki juu ya mabaki yake. Tuliikwangua siku nzima. Kwa hiyo shauri langu kwa wasomaji: msiinunue hiyo kwa kazi ya motokaa.

KWA WENYE MOTOKAA NYINGINE

Huenda msomaji akasema, "Mimi sina Volkswagen, nina Land Rover ya zamani, na mwili wake ni alumini usioshika kutu." Ni kweli kwamba tangu Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948 sehemu kubwa ya mwili wake imekuwa alumini. Lakini fremu ya chini ni chuma, na ukuta ulio kati ya injini na miguu yako ni chuma pia, nao hupenda kuoza pale miguu inapokaa. Tena alumini na chuma vikigusana penye maji, huharibiana. Tazama mipira ya vile vifuniko vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele, na ile ya ukingo wa milango. Na mwenye motokaa ya paa lifunguliwalo akumbuke kwamba paa hilo lina vijibomba vya kutolea maji vipitavyo katika nguzo za kioo cha mbele. Vikizibwa na majani, maji hushuka kichwani mwa dereva.

Kwa motokaa zote desturi ni moja. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, na mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, pitisha waya laini katika vitundu vyote vya chini ya milango. Safisha mipira kwa maji na sabuni, kisha uipake glisarini kidogo; usipake grisi wala mafuta ya taa, kwa kuwa huilainisha mpira na kuuharibu. Inua zulia, uguse felti kwa mkono. Na asubuhi ukiona vioo vimefanya ukungu upande wa ndani ilhali hukulala humo, jua ya kwamba pana maji yaliyojificha.

MAMA ARUDI GARINI

Kazi ilikwisha mwezi wa Agosti. Sikumwambia mama lolote. Nilingoja mvua za vuli, nikaiacha motokaa uwanjani usiku kucha, na asubuhi nikaikagua kwa mkono: mlangoni pakavu, chini ya kiti cha nyuma pakavu. Usiku wa pili nikafanya hivyo tena, na wa tatu. Ndipo nilipomwita.

Mama hakuangalia rangi. Alifungua mlango wa kushoto, akainama kwa taabu, akainua pembe ya zulia mwenyewe, akapapasa bati mpaka kwenye kona. Akautazama mkono wake. Kisha akaufuta kwa leso ijapokuwa ulikuwa mkavu, akaingia, akaketi, akaweka mkoba wake juu ya magoti.

"Twende," akasema, "tumechelewa."

Usipoziba ufa utajenga ukuta: hilo twalijua tangu utotoni. Lakini mimi nimejifunza kwamba kabla ya kuziba ufa lazima kwanza uuone ufa wenyewe, usizibe kwa kubahatisha, wala usizibe njia ambayo maji yalipewa ili yatoke. Mwenye motokaa ya zamani na aanze leo, wakati jua likiwaka, kwa kuinua zulia lake.